Njia Iliyofungwa Hollerby na Kuku wa Kukhu Roselida

Jumapili jioni, Amalemba

Mvua ya leo imefuata ratiba yake ya Kakamega. Asubuhi jua la kukushawishi ufue nguo, saa tisa wingu jeusi, saa kumi watu wote wa ploti wanakimbilia kamba. Mimi sikufua. Nilikuwa Matungu tangu asubuhi, nimerudi na matope hadi magotini na tumbo lililojaa kuku, na nina furaha ambayo ikikaa ndani usiku kucha itaharibika. Viatu vitaoshwa baadaye.

Kama umefika kwenye blogu hii kwa bahati mbaya, karibu. Kazi yangu ni kuandikia watu mtandaoni. Mteja anataka maneno kuhusu namna ya kusafisha kochi, ninaandika. Mwingine anataka faida za parachichi, ninaandika, ingawa parachichi lenyewe silipendi. Jina langu halionekani popote. Baba huiita kazi ya kubofya. Kaka yangu ana duka la chakula cha mifugo kule Chekalini, na ameniwekea kiti nyuma ya kaunta. Kila akipiga simu lazima anisifie kile kiti.

Mwezi uliopita nilipata mteja anayeitwa Edna. Ni ajuza wa Uingereza, mjane, anaishi kwenye kitongoji cha mashambani kiitwacho Hollerby, chenye nyumba kumi na moja na kondoo wengi kuliko watu. Alitaka ukurasa mmoja wa jiografia na historia ya mahali pale, ubandikwe kwenye ukumbi wa kanisa lao kabla wazee waliobaki hawajaisha. Mwenyewe alijaribu kuandika akashindwa, maana kila akianza, anasema, anajikuta anaandika kuhusu ua wa miti wa jirani.

Nilisimama mbele ya kioo nikajiapia. Hii kazi ikinishinda, ninakwenda Chekalini kukikalia kile kiti.

Jiografia haikunisumbua. Edna alinitumia ramani aliyoichora kwa mkono na picha za kutosha. Hollerby iko ndani ya bonde. Kijito kinapita chini, nyumba zimejipanga upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili hujaa maji wakati wa baridi. Kuna kinu cha zamani kisichosaga chochote, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, sanduku jekundu la posta, na kanisa dogo juu ya kilima. Duka hakuna. Ukiishiwa na chumvi unaomba kwa jirani au unakula bila chumvi.

Historia ndiyo iliyonivua nguo.

Edna alinipa majina ya familia za zamani, kila moja na nyumba yake. Nami, mtoto wa Matungu, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba ukoo wa kinu umezikwa kando ya kinu, na ukoo wa nyumba ya juu umezikwa nyuma ya nyumba ya juu, chini ya yale maua meupe. Sikuulizwa na sikuuliza. Haikunijia kamwe akilini kwamba mtu mwenye boma lake anaweza kuzikwa kwingine. Kwetu mtu akifia hata Mombasa anarudishwa, tena anasubiriwa.

Jibu la Edna lilikuwa la adabu, ile adabu inayokufanya uketi wima. Aliandika kwamba bustani yake ameichimba yote kwa miaka mingi na anaweza kunihakikishia hamna mtu. Hollerby wafu wote huzikwa pamoja kanisani. Hubebwa kwa mabega kupitia njia ya miguu inayopanda kutoka kwenye nyumba. Halafu akaongeza kwamba maandishi yangu ni safi lakini hapo mahali nilipopaandika haonekani mtu hata mmoja aliye hai, na kwamba angenipa nafasi moja tu zaidi.

Nilicheka kwa aibu, kisha nikaacha kucheka. Kwenye ramani yake ile njia ya kanisani ilikuwapo, imechorwa kwa vitone. Ila katikati vitone vilikatika, kisha vikaendelea mbele. Nilidhani kalamu yake iliisha wino.

Jumapili moja nikaenda nyumbani kupumzisha kichwa.

Nyumbani ni Emukhuyu, kitongoji kidogo upande wa Matungu, na jina lake maana yake ni kwenye mkuyu, japo mkuyu wenyewe hakuna aliye hai aliyeuona. Jiografia yetu inategemea miwa. Miwa ikiwa juu, Emukhuyu haipo. Unapita barabarani unaona ukuta wa kijani na moshi unaotoka mahali usipopajua. Kisha wakata miwa wanakuja, trekta zinabeba, na asubuhi moja unaamka unaona nyumba za watu wote, nguo zao kwenye kamba, na nani amepaka rangi bila kuwaambia wenzake. Watu husalimiana kwa mbali kana kwamba wamerudi safari.

Wiki ile shamba la Truphosa lilikuwa limekatwa. Truphosa ni jirani wa nyanya yangu, Kukhu Roselida, na kati ya nyumba zao kuna lile shamba tu. Mle ndani ndimo ilimopita njia ya kwenda chemchemi. Misimu miwili ya miwa iliyopita ng'ombe wa Kukhu alikata kamba akaingia kwenye miwa michanga ya Truphosa na kula bila haraka. Truphosa akaja akasema maneno. Kukhu akajibu maneno mengine. Msimu uliofuata Truphosa akapanda miwa juu ya njia, na tangu hapo Kukhu huenda kuteka maji kwa kuzunguka kilima chote na mtungi kichwani. Wote wawili ni wa kundi moja la akina mama kanisani, wana sare moja, na hawasalimiani.

Hilo halitajwi mbele ya Kukhu. Mimi nalitaja hapa kwa kuwa hana simu ya kusomea blogu.

Nikamweleza kuhusu Hollerby nikidhani nitamburudisha. Kukhu alikuwa anachambua mboga, na akaacha. Hakuuliza kitu kimoja kuhusu kondoo wala kinu. Alitaka kujua nani haongei na nani. Alitaka kujua nyumba ipi imefungwa na kwa nini watoto hawarudi. Nikamwonyesha ramani kwenye simu, nikamwambia wafu hubebwa kwa njia hii hapa. Akasogeza simu mbali na macho, akaitazama ile sehemu vitone vilipokatika.

"Hapa wameziba," akasema. "Sasa mtu wa huku akikufa, wanampitishanga wapi?"

Nilimwambia ni wino uliisha.

"Wino haiishangi kwa njia peke yake, mukhana wanje," akasema, akiniita binti yake. "Uliza huyo mama."

Jioni ile nikamwandikia Edna. Nikasema nyanya yangu anauliza, na niliuliza kama alivyouliza, bila kulainisha. Nikabonyeza kutuma, halafu nikashika kichwa. Unamuulizaje mteja swali kama hilo, tena wewe uliyekwisha kuwazika watu wake kwenye bustani?

Siku zikapita kimya. Si kawaida ya Edna, ambaye hujibu kabla chai yake haijapoa. Kaka alipiga simu kuniambia amekiongezea kiti mto wa kuegemea. Nilianza kutazama nguo zangu nikifikiria zipi zinafaa Chekalini.

Kisha asubuhi moja jibu likaja, refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. Nililisoma nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Njia ilifungwa na yeye mwenyewe. Inapita kwenye bustani yake, na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kupita tangu zamani za mababu. Katika nyumba ya chini yake anaishi Joyce, rafiki yake tangu walipokuja Hollerby wote wakiwa maharusi. Mbwa wa Joyce alizoea kufukua vitanda vya maua vya Edna. Wakagombana, maneno yakawa makubwa kuliko mbwa, na Edna akaweka lango na mnyororo. Mwaka uliofuata mume wa Joyce akafariki. Joyce hakuja kuomba lango lifunguliwe. Edna hakwenda kulifungua. Jeneza likabebwa kwa kuzunguka barabara kuu, mteremko kisha mlima, wanaume wakipumzika kila baada ya kipande, na Edna akiwa dirishani na ufunguo mfukoni mwa aproni.

Mbwa alikufa zamani. Lango bado liko. Aliandika kwamba hajawahi kumwambia mtu habari ya ufunguo, na kwamba hajui kwa nini ameniambia mimi, labda kwa sababu aliyeuliza ni bibi asiyemjua, ambaye hawatakutana sokoni. Mwishoni akaniambia sasa ninajua kwa nini ukurasa ulimshinda kuandika.

Nilitema dawa ya meno nikakaa kitandani. Nilimhurumia Edna. Nilimhurumia Joyce zaidi.

Jumapili iliyofuata nikarudi Emukhuyu nikamweleza Kukhu yote. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi mara moja, akasema jambo lenyewe ni rahisi. Huyo mama apeleke ingokho, yaani kuku. Apike mwenyewe, amfuate mwenzake kwake, asimwite. Wale kutoka sahani moja. Na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, kwa kuwa waume wote wawili hawapo, ikatwe katikati, kila mmoja ale nusu, mmoja asijione mkubwa kuliko mwenzake.

"Kuku ikishaliwa, utagombananga nini tena? Mdomo imeshiba."

Alisema hivyo amekaa mlangoni, na nyuma ya kichwa chake, mbali kidogo, niliona shamba tupu la Truphosa na ule mstari mweupe wa njia ya zamani uliojitokeza baada ya miwa kuondoka. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kuna ujasiri ambao nilikuwa sijaupata bado.

Edna aliupokea ushauri kama vile watu hupokea dawa kutoka kwa daktari. Aliuliza kama kuku lazima awe hai. Nikasema aliyepikwa anatosha. Aliuliza kama viazi vinaruhusiwa. Nikasema sisi tungeweka obusuma, ugali wetu, lakini viazi haviwezi kumkasirisha mtu. Kisha akaniandikia kwa wasiwasi mkubwa kwamba amenunua kuku, amemfungua, na ndani hamna firigisi. Kuku wa dukani kwao huuzwa bila viungo vya tumboni. Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Kumbe kuna nchi ambako kuku hukatwa heshima yake yote kabla hajafika jikoni.

Akasafiri hadi kwa mchinjaji wa mji wa karibu akaomba firigisi moja. Mchinjaji alidhani ni ya paka.

Ijumaa picha ikafika. Aliyeipiga ni Joyce, ndiyo maana Edna yuko katikati na kichwa chake kimekatwa kidogo juu. Meza ndogo, kuku, viazi, na kwenye kisosi vipande viwili vya firigisi. Chini yake Edna ameandika kwamba Joyce alifungua mlango, akaitazama sufuria, akasema Edna ameichelewesha sana, na wakalia kabla ya kuketi. Mnyororo wa lango ameutupa. Ukurasa niuandike sasa, na njia nimalizie vitone.

Nikauandika usiku huohuo. Nilianza na mbwa. Jumamosi Edna akajibu kwamba hii ndiyo Hollerby, na kwamba watu wa kitongoji cha ng'ambo ya kilima nao wanamtaka mwandishi yule wa firigisi. Nikampigia kaka kumwambia ampe mtu mwingine kile kiti. Amehuzunika. Nadhani amehuzunika kwa ajili ya mto.

Sasa leo.

Nilikwenda Emukhuyu kumwonyesha Kukhu picha. Shamba la Truphosa limeanza kuchipuka, majani yamefika kifundo cha mguu, na nilisikia njiani kwamba kesho kutwa vibarua wanakuja kujaza mapengo. Pengo kubwa kuliko yote, unajua, ni ile njia, ambako udongo uliokanyagwa miaka mingi haukuchipuza miwa tena. Wakishaijaza, Kukhu atazunguka kilima msimu mwingine mzima, na magoti yake si ya msimu mwingine mzima. Mwezi uliopita aliteleza na mtungi. Hakumwambia Baba. Mimi niliuona ule mtungi umemeguka ukingo.

Kukhu alikaa na simu yangu muda mrefu. Aliikuza picha kama nilivyomfundisha, akatazama meza, akatazama mikono ya Edna, akatazama kisosi.

"Kuku yao ni kidogo," akasema.

Nikasema ndiyo, ni mdogo.

"Na alienda mwenyewe? Kwa mguu?"

Nikasema alikwenda mwenyewe, amebeba sufuria. Halafu nikaongeza kwamba alikwenda kwa sababu Kukhu ndiye aliyemwambia aende.

Alinirudishia simu, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia nyuma ya jikoni. Nilidhani nimemkosea. Nilianza kupanga maneno ya kuomba msamaha, na hapo nikasikia makelele ya kuku na Kukhu akitukana kwa Kiwanga chetu tena kwa ufasaha. Akatokea amemshika miguu yule jogoo mwekundu, yule ambaye tangu Krismasi hakuna mgeni aliyeonekana anamstahili.

"Beba unga," akaniambia.

Hakuzunguka kilima. Alipita katikati ya shamba, kwenye mstari mweupe, mimi nyuma yake na unga, matope yakitushika miguu, akiinua gauni asiguse machipukizi ya miwa. Aliyaruka kwa uangalifu, moja moja. Truphosa alikuwa uani anaanika mahindi. Alitutazama tangu tulipotoka kwetu hadi tulipofika kwake, hakusogea.

Nyumba zao ziko karibu sana, miwa ikiwa chini. Nilikuwa nimesahau.

Truphosa ndiye aliyeanza. Alimtazama jogoo, akasema, "Huyo naye amekula miwa yangu?"

"Huyu hajakula," Kukhu akasema. "Ile ng'ombe ilikula. Nilikuwanga nimeona kamba imelegea, na nikalala."

Niliposikia hayo niligeuka kutazama kuku wengine, maana Kukhu hajawahi kusema mbele ya mtu kwamba aliiona ile kamba.

Truphosa akachukua jogoo kutoka mkononi mwake, akampima uzito, akaniambia niweke maji jikoni. Basi. Hakuna aliyelia kama Hollerby. Walichambua manyoya pamoja wakiwasema watu wa kwaya, na walipofika kwa mke wa mhubiri walikuwa wanacheka hadi Truphosa akashika ubavu.

Firigisi ilipoiva Kukhu akaitisha kisu. Truphosa akauliza kwa nini inakatwa, na Kukhu akamweleza kwamba ndivyo wanavyofanya Uingereza. Nilikula shingo ya jogoo niliyopewa kwa heshima.

Tulipokuwa tunaondoka mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Truphosa alitusindikiza hadi ukingo wa shamba, akavunja kijiti, akakichomeka upande huu wa njia, akavuka, akachomeka kingine upande wa pili. Akamwambia Kukhu ajaribu kupita katikati na mtungi kichwani. Mtungi hakuwa nao, akapita na sufuria ya mchuzi aliyopewa na Truphosa. Kiwiko kikagusa. Truphosa akang'oa kijiti kimoja akakisogeza nje kidogo, akamwambia apite tena.

Vibarua wataambiwa wasipande kati ya vile vijiti.

Sasa niko hapa, mvua inapiga mabati, na nimefungua ukurasa mpya ambao hakuna mteja aliyeuagiza. Nimeandika juu kabisa: Emukhuyu, jiografia na historia yake. Chini nimeandika kwamba iko Matungu, kwamba mkuyu haupo, kwamba miwa ikiwa juu huwezi kuiona. Halafu nikaandika kwamba ina njia moja ya kwenda kwenye maji, inayopita kwa Truphosa, na upana wake ni nyanya yangu na mtungi wake.

Safari hii nitaweka jina langu. Nanzala. Kesho nikiamka nitamuuliza Edna kama ukumbi wa kanisa lao una nafasi ya ukurasa wa pili.